Rangi Iishie Kitambaani: Namna ya Kusafisha Majitaka ya Watia Rangi

Mtaa wenye karakana ya batiki hujulikana kwa mfereji wake. Jumatatu maji ni ya buluu, Jumatano ni ya zambarau, na mwisho wa wiki, oda za sare zinapokuwa nyingi, ni meusi tii. Wenye karakana hizo si watu wabaya. Wana kodi ya pango, wana watoto shuleni, wana mteja anayetaka doti zake kabla ya harusi. Tatizo ni kwamba wengi wao walifundishwa kutia rangi, hawakufundishwa la kufanya na beseni linalobaki baada ya kitambaa kutoka.

Makala haya ni kwa ajili yao: vikundi vya kina mama vya batiki na vitambaa vya kufunga, wasusi wa ukindu na mkonge wanaochemsha rangi uani, na wasimamizi wa viwanda vidogo vya nguo ambao kila wakisikia habari ya mtambo wa kusafisha maji hufikiria mamilioni wasiyokuwa nayo. Maji ya rangi yanasafishika. Lakini yanataka mpangilio: kwanza punguza rangi inayobaki, kisha ijue ni rangi ya aina gani, kisha tenganisha maji makali na maji mepesi, na mwisho ndipo usafishe. Wengi huanzia hatua ya mwisho, wakanunua dawa au chujio, wakashindwa, wakarudi mferejini.

Madhara yanayofika mbali

Rangi za viwandani hutengenezwa kwa makusudi ili zisichuje. Zinatakiwa zihimili jua, jasho, sabuni na kufuliwa mara kwa mara. Uimara huohuo unaomfurahisha mnunuzi ndio unaoutesa mto, kwa sababu bakteria wa majini wanaoozesha majani na mabaki ya chakula hawaziwezi kwa urahisi. Nyingi huonekana kwa macho hata zikiwa chini ya miligramu moja katika lita ya maji. Maji yakikolea rangi, mwanga wa jua haupenyi, mimea ya chini hainawiri, oksijeni hupungua na samaki hukosa pumzi.

Rangi haisafiri peke yake. Kwenye beseni la batiki kuna kostiki soda inayochoma ngozi, na haidrosulfaiti ya sodiamu inayonyonya oksijeni ya maji. Kiwanda cha nguo huongeza wanga uliopakwa kwenye nyuzi kabla ya kufuma, sabuni, chumvi na maji ya moto. Kwa hiyo hata siku utakapofaulu kuyafanya maji yawe meupe, kazi haitakuwa imekwisha mpaka ujue hayo mengine yamekwenda wapi.

Jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi hutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi na maeneo ya viwanda, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Kandokando yake watu hulima mchicha na matembele. Kila kinachomwagwa juu kinaweza kuishia kwenye bustani hizo za chini. Unguja hali ni nyingine lakini hatari ni ileile: sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya visima yako chini ya nyufa hizo. Ukichimba shimo la kumwagia rangi kwenye ardhi kama hiyo, umeyapa maji yako njia ya kwenda kisimani kwa jirani.

Ijue rangi yako kwanza

Hakuna dawa moja inayoondoa rangi zote. Njia inayofanya kazi vizuri kwa jirani yako inaweza isifanye lolote kwako, kwa sababu yeye anatumia rangi ya jamii nyingine. Kama kopo halina maelezo ya kueleweka, itambue rangi kwa namna inavyotumika.

Rangi inayotaka kostiki soda na haidrosulfaiti, na kitambaa kikatoka na rangi moja kisha kikabadilika kikikutana na hewa, hiyo ni rangi ya vati. Nyingi ya rangi za batiki Tanzania ni za jamii hii, na nili ya jinzi ni ndugu yake. Kwa asili haziyeyuki. Haidrosulfaiti na kostiki huziyeyusha kwa muda ili ziingie kwenye uzi, kisha hewa huzirudisha katika hali yake ngumu. Hii ni habari njema kwa msafishaji, kwa sababu kitu kisichoyeyuka kinaweza kutuamishwa.

Rangi inayotaka chumvi nyingi pamoja na soda ashi, na kuingia kwenye pamba bila kuchemshwa sana, huenda ikawa ya riaktivu. Rangi hizi ziliingia sokoni mwaka 1956 kutoka kampuni ya ICI ya Uingereza, na zinapendwa kwa kung'ara kwake. Udhaifu wake ni kwamba, wakati zinapotakiwa kushikana na uzi, sehemu yake hushikana na maji. Iliyokwisha kushikana na maji haiwezi tena kuingia kwenye kitambaa. Kutegemea aina ya rangi na umahiri wa fundi, kuanzia asilimia 10 hadi karibu nusu ya rangi uliyoinunua inaweza kuishia kwenye majitaka, ikiwa imeyeyuka kabisa.

Rangi ya polista inayotaka moto mkali ni ya disipesi. Hiyo nayo haiyeyuki vizuri, kwa hiyo hutuama. Rangi ya hariri, sufu au nailoni inayotaka siki ni ya asidi, nayo huyeyuka. Rangi nyingi za unga zinazochemshwa na ukindu au mkonge nazo huyeyuka.

Andika haya kwenye daftari: jina la rangi, jamii yake, na unatumia kiasi gani kwa wiki. Mwulize muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa. Muuzaji asiyeweza kukuambia anauza nini si wa kumtegemea.

Punguza kabla ya kusafisha

Rangi nafuu kuliko zote kuisafisha ni ile ambayo haikuingia kwenye maji. Nunua mizani ndogo na upime rangi kwa uzito wa kitambaa. Kukisia kwa kijiko huzidisha, na kinachozidi hakiongezi weusi wa kitambaa. Huongeza weusi wa mfereji tu. Funga makopo ya rangi na ya haidrosulfaiti yasiingie hewa wala unyevu, maana dawa iliyoharibika hukulazimisha kuongeza nyingine.

Panga kazi kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito. Beseni la manjano linaweza kupokea chungwa, la chungwa likapokea kahawia. Beseni la vati halina haja ya kumwagwa kila baada ya kitambaa kimoja. Likiongezewa rangi kidogo na haidrosulfaiti kidogo hutumika tena, na kostiki iliyomo humo ni fedha yako.

Suuza kwa mabeseni matatu. Kitambaa kianze kwenye beseni chafu zaidi na kimalizie kwenye lenye maji masafi. La kwanza likichafuka mno, ondoa maji yake, sogeza la pili liwe la kwanza na la tatu liwe la pili, kisha jaza maji mapya kwenye la mwisho. Maji ya suuzo la kwanza hufaa kuchanganyia beseni linalofuata la rangi ileile. Karakana inayosuuza chini ya bomba lililo wazi hutumia maji mengi zaidi kwa matokeo yaleyale, na maji yote hayo huwa majitaka ya kusafisha.

Tenganisha. Maji ya beseni la rangi na ya suuzo la kwanza ni makali lakini ni machache. Ya suuzo za mwisho ni mengi lakini mepesi. Ukiyachanganya, unapata pipa kubwa la maji ya wastani yanayotaka dawa nyingi. Ukiyatenganisha, nguvu zako zote zinakwenda kwenye ndoo chache.

Kusafisha maji ya rangi za vati, hatua kwa hatua

Vifaa unavyohitaji ni mapipa mawili au matatu ya plastiki ya lita 200, moja likiwa na bomba lililofungwa kiasi cha shubiri moja juu ya kitako, fimbo ya kukorogea, karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi au kostiki katika maji), shabu ya kutuamishia rangi, chupa sita za lita moja zinazoonyesha ndani, na bomba la sindano lisilo na sindano, la kupimia mililita. Vaa glavu ndefu, viatu vya kufunika na miwani. Fanya kazi mahali pa wazi.

Anza na nta. Maji uliyochemshia kitambaa ili kuitoa nta yaache yapoe kabisa. Nta itaelea na kuganda juu. Iondoe na uitumie tena. Ukiiacha, itaziba chujio lako ndani ya siku chache.

Hatua inayofuata ni hewa. Weka maji makali kwenye pipa, uyakoroge kwa nguvu na kuyamimina kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa, kisha yaache usiku kucha na kuyakoroga tena asubuhi. Hewa humaliza haidrosulfaiti na kuirudisha rangi katika hali yake isiyoyeyuka. Utaona maji yakibadilika hadi kufanana na rangi ya kitambaa kilichokauka, na harufu ikipungua. Usiharakishe hatua hii. Asidi ya hatua inayofuata ikikutana na haidrosulfaiti ambayo haijaisha hutoa gesi ya salfa dayoksaidi, ambayo hukaba pumzi na ni hatari sana kwa mwenye pumu.

Sasa pima pH. Maji ya batiki huwa na kostiki nyingi, na pH yake inaweza kuzidi 11. Shabu haifanyi kazi katika maji ya namna hiyo: badala ya kuganda na kutuama na rangi, huyeyuka. Ishushe pH kidogokidogo hadi kati ya 7 na 8 kwa asidi ya limau ya unga iliyokorogwa kwenye maji, au kwa siki, ukipima kila unapoongeza. Asidi ya betri iache kabisa. Ukiona unatumia asidi nyingi kupita kiasi, elewa kwamba unapoteza kostiki ambayo ingetumika tena. Rudi kwenye mpangilio wako wa mabeseni.

Kisha fanya jaribio la chupa. Yeyusha gramu 100 za shabu iliyosagwa katika maji ya moto kiasi, uongeze mpaka yatimie lita moja. Kila mililita ya maji hayo ina gramu 0.1 ya shabu. Jaza chupa sita kwa lita mojamoja ya maji yako ya rangi. Ya kwanza usiitie kitu. Nyingine zitie mililita 2, 4, 6, 8 na 10. Koroga kwa haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi, uache zitulie saa moja. Utaona mabonge ya rangi yakishuka na maji safi yakibaki juu. Chagua chupa yenye dozi ndogo iliyotoa maji safi. Kuongeza zaidi ya hapo hakusaidii. Dozi ikipita kiasi maji yanaweza kuchafuka upya. Pima pia pH ya chupa uliyoichagua, kwa sababu shabu nayo huishusha. Isiwe chini ya 6.

Hesabu ya pipa ni rahisi. Kama chupa ya mililita 6 ndiyo iliyoshinda, pipa la lita 200 litataka mililita 1,200 za dawa yako, yaani gramu 120 za shabu. Rudia jaribio kila unapobadilisha rangi. Baada ya miezi michache daftari lako litakuwa na jedwali ambalo hakuna mtaalamu angeweza kukuandikia bila kuijua kazi yako.

Mahali ambapo mlonge unapatikana, mbegu zake zinaweza kusaidia. Wanawake wa Sudan wametumia unga wake kwa muda mrefu kutuamisha matope ya maji ya Mto Nile. Menya mbegu zilizokauka, ziponde, changanya unga na maji, chuja kwa kitambaa, na utumie siku hiyohiyo. Pima dozi kwa chupa vilevile. Kumbuka tu kwamba mlonge huacha mabaki ya mmea ndani ya maji, kwa hiyo maji hayo yasikae muda mrefu yakaoza.

Pipa likishatulia, fungua bomba taratibu na upitishe maji ya juu kwenye chujio: kokoto chini, mchanga mkubwa, mchanga mdogo uliooshwa, kisha tabaka la mkaa uliopondwa. Mkaa wa jikoni hunasa kidogo. Mkaa amilifu, ambao hutayarishwa kwa mvuke au kemikali hadi kujaa vitundu visivyoonekana, hunasa mara nyingi zaidi, na ule wa vifuu vya nazi ni miongoni mwa mizuri. Weka maji yanayotoka kwenye chupa nyeupe juu ya karatasi nyeupe, kando ya chupa ya maji ya bomba. Siku rangi itakapoanza kuonekana tena, mkaa umejaa na lazima ubadilishwe. Mkaa huo usiutumie kupikia.

Maji yaliyotoka yatumie kwa suuzo la kwanza la kazi inayofuata au kwa kuoshea sakafu ya karakana. Kuyamwaga kwenye bomba la majitaka la mji kunahitaji idhini ya mamlaka ya maji. Usimwagilie mboga. Na kama nyumba ina tangi la choo, usiyapeleke maji ya kostiki humo ambayo hayajashushwa pH, kwa kuwa yataua bakteria wanaolifanya tangi hilo lifanye kazi.

Rangi zinazoyeyuka

Kwa rangi za riaktivu na za asidi, shabu mara nyingi huacha maji yakiwa bado na rangi. Jaribu kwenye chupa chokaa pamoja na salfeti ya chuma, ambayo kwa baadhi ya rangi hufanya vizuri zaidi, ila hutoa tope jingi. Mkaa amilifu husaidia, lakini ukiutumia kwa maji makali utajaa haraka na kukumalizia fedha; uuweke mwisho, kwa ajili ya mabaki. Watafiti wamejaribu pumba za mpunga, machujo ya mbao na maganda ya mazao mbalimbali, na baadhi hunasa rangi kwa kiasi cha kuridhisha. Kabla ya kuyategemea, yajaribu kwa maji yako mwenyewe, na ujiulize yatapelekwa wapi yakishajaa.

Viwandani kuna njia zenye nguvu zaidi. Hidrojeni peroksaidi pamoja na chuma, katika maji yenye pH karibu na 3, huvunjavunja molekuli za rangi. Mwanakemia Mwingereza Henry Fenton alieleza mmenyuko huo mwaka 1894. Ozoni hufanya kazi kama hiyo bila kuacha tope, ila inataka umeme mwingi. Vichujio vya utando hutenga rangi hata chumvi. Hakuna kati ya hizi inayofaa uani kwa mtu. Ushauri wangu kwa karakana ndogo ni wa wazi: kama huna namna ya kusafisha rangi zinazoyeyuka, baki na za vati, au tafuta za riaktivu zinazoshika kitambaa kwa kiwango kikubwa, na uzitumie kidogo.

Wanaotumia rangi za mimea wasijione wamesalimika moja kwa moja. Magome na mizizi havina neno, lakini mrututu na chumvi za kromiamu zinazotumika kuishikiza rangi ni sumu kwa viumbe vya majini. Tumia shabu badala yake.

Meupe si lazima yawe salama

Kuna njia za mkato tatu zinazopendwa. Zote ziache.

Ya kwanza ni kutia jiki au klorini. Rangi hupotea, ni kweli, lakini klorini ikishikana na mabaki ya rangi hutengeneza kemikali nyingine ambazo huwa sumu na hazitoki majini kwa urahisi. Na ikikutana na asidi, hutoa gesi ya klorini, ambayo huharibu mapafu.

Ya pili ni kuongeza haidrosulfaiti mpaka maji yang'ae. Rangi nyingi zinazotumika duniani ni za kundi la kikemikali liitwalo azo, nazo zikivunjwa bila hewa hugeuka kuwa kemikali zisizo na rangi ziitwazo amini. Baadhi ya amini hizo, kama benzidini, husababisha saratani. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2002 marufuku ya rangi za azo zinazoweza kuzitoa kwenye nguo zinazogusa mwili. Karakana inayotaka kuuza nje ijue kwamba mnunuzi wa huko anaweza kudai kipimo hicho.

Ya tatu ni kuzimua. Ndoo moja ya rangi ndani ya ndoo ishirini za maji huonekana hafifu, lakini gramu zilizoingia mtoni ni zilezile, na umepoteza maji ndoo ishirini.

Tope na mabaki

Kilichotuama chini ya pipa ni rangi yako yote, sasa ikiwa imekusanyika mahali pamoja. Ukiimwaga mferejini, umefanya kazi bure. Tengeneza kitanda cha kukaushia: karatasi nzito ya plastiki chini, mchanga juu yake, na paa la kuzuia mvua. Maji yanayochuruzika yarudishe kwenye pipa. Tope likikauka hupungua sana. Lifungie kwenye gunia lililoandikwa, mbali na watoto na mifugo. Usilitie shambani, kwani baadhi ya rangi zina shaba au kromiamu ndani yake. Usilichome. Likifika kiasi cha kusafirishwa, mpe mzoataka mwenye kibali. Karakana tano au sita za mtaa mmoja zikichangia safari moja, gharama hubebeka. Hata kitanda cha kukaushia na mapipa vinaweza kuwa vya ushirika.

Kwa msimamizi wa kiwanda

Kiwanda cha nguo za pamba kinaweza kutumia lita 100 au zaidi kwa kila kilo ya kitambaa. Katika ukubwa huo mantiki ni ileile, vyombo ndivyo vinavyobadilika.

Jenga kwanza tangi la kusawazisha, lenye uwezo wa kupokea maji ya zamu nzima au ya siku nzima. Kiwanda hutoa maji ya moto yenye kostiki saa mbili asubuhi na maji ya chumvi saa nane mchana. Mtambo ukiyapokea jinsi yanavyokuja, hautatulia hata siku moja. Tangi huyachanganya, huyapoza na kusaidia tindikali na kostiki zipambane zenyewe. Maji ya kuondolea wanga yashughulikie peke yake, maana yanabeba sehemu kubwa ya uchafu unaooza.

Baada ya kutuamisha, bakteria wapewe zamu mbili. Kwanza tangi lisilo na hewa, ambako huvunja rangi za azo. Kisha tangi lenye hewa ya kutosha, ambako amini zilizotokana na uvunjaji huo zinaweza kuliwa zikaisha. Ukiishia zamu ya kwanza, umeyafanya maji kuwa meupe na yenye sumu. Mahali penye nafasi, bwawa la matete linaweza kumalizia kazi kwa gharama ndogo ya uendeshaji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mabwawa ya namna hiyo, na ni mlango unaofaa kubishwa kabla ya kwenda kwa muuza mitambo.

Muuza mitambo akija, mpe maji yako mwenyewe, yale ya siku ya rangi nzito, ayasafishe mbele yako. Mwulize tope litakuwa kiasi gani kwa siku, umeme kiasi gani, dawa zinapatikana nchini au lazima ziagizwe, na nani atautengeneza mtambo ukiharibika miaka mitatu baadaye. Asiyejibu maswali hayo, usisaini naye. Na mtambo ukishajengwa, uwe na mtu wake, mwenye mafunzo na mshahara unaoeleweka. Mitambo mingi hufa kwa kukosa mwendeshaji, si kwa ubovu wa mashine.

Chumvi: somo la Tiruppur

Karibu njia zote nilizozieleza haziondoi chumvi iliyoyeyuka. Mji wa Tiruppur, kusini mwa India, ulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Ni kitovu cha fulana za pamba zinazouzwa dunia nzima, na kwa miaka mingi maji ya watia rangi wake yaliingia Mto Noyyal. Bwawa la Orathupalayam, lililojengwa kwa ajili ya kilimo chini ya mji huo, likawa hifadhi ya majitaka yenye chumvi, na wakulima wakaona mashamba yao yakiharibika. Wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mamia ya vitengo vya kutia rangi vifungwe kwa kukiuka amri ya kutotoa majitaka. Waliorudi kazini walilazimika kutegemea mitambo ya pamoja yenye vichujio vya utando na vyombo vya kuchemsha maji hadi chumvi ibaki, ambayo ni ghali kujenga na ghali kuendesha.

Kwa hiyo chumvi idhibitiwe kabla ya kuingia kwenye beseni. Tumia rangi zinazohitaji chumvi kidogo, tia rangi katika maji machache, na usiongeze kilo ya ziada kwa ajili ya kujihakikishia tu.

Sheria na mwanzo wako

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na baraza la taifa la mazingira, NEMC, na kumwaga majitaka kwenye chanzo cha maji kunahitaji kibali cha bodi ya bonde husika. Viwango vya kitaifa vinataka maji yanayotoka yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5, BOD (oksijeni ambayo bakteria huitumia kuozesha uchafu) isiyozidi miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni inayotakiwa kuuvunja uchafu kwa kemikali) isiyozidi 60. Kenya ina kanuni zake za ubora wa maji chini ya mamlaka yake ya mazingira, NEMA. Usisubiri mkaguzi. Chukua sampuli siku ya kazi nzito, si siku ya mapumziko, uipeleke maabara, na uhifadhi matokeo. Karatasi hizo ndizo zitakazokutetea kwa mkaguzi, kwa jirani na kwa mnunuzi.

Kama huwezi kuanza na yote, anza wiki hii na matatu: mizani ya kupimia rangi, pipa la maji makali lenye kifuniko, na chupa sita za majaribio. Kisha ingiza gharama ya shabu, mkaa na gunia la tope kwenye bei ya kitambaa, kama unavyoingiza nta na kuni. Ni halali yako kufanya hivyo, na mteja anayeipenda kazi yako ataelewa. Mkulima wa mchicha aliye chini ya mto hakununua kitambaa chako. Si haki yeye ndiye alipie rangi yake.